Wakili Nje ya Kizingiti

TANGAZO. Wenye nyumba na maduka wote wa Mtaa wa Wing Shing wanaarifiwa kwamba, kuanzia tarehe ya tangazo hili, ni marufuku kuanika samaki, kamba, chaza, maganda ya machungwa au mboga za chumvi kwenye roshani zinazoelekea barabarani, kwa kuwa matone yake yamekuwa yakiwaangukia wapita njia wenye heshima.

Wapita njia wasio na heshima hawakutajwa, na inaelekea waliendelea kuangukiwa. Hata hivyo tangazo lilibandikwa kwa gundi ya Serikali kwenye nguzo ya duka la Mzee Kwan Yat-fu, na kwa kuwa mzee huyo aliogopa faini kuliko alivyoogopa mizimu, roshani yake ilifagiliwa siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyotokea kwamba binti yake, Tsoi-wan, ambaye kwa miaka yote ya usichana wake alikuwa ameitazama Hong Kong kupitia mapengo ya samaki wakavu, alisimama asubuhi ile kwenye roshani tupu na kuuona mtaa mzima mpaka bandarini. Na kitu cha kwanza alichokiona kikishuka katika mtaa huo kilikuwa nguo nyeupe ya katani isiyo na pindo, na ndani ya nguo hiyo, mchumba wake.

Alijua ni yeye kabla uso haujaonekana. Luk Pak-hin alikuwa na mwendo ambao watu wengine hujifunza uzeeni: mwendo wa mtu asiyesukumana na yeyote, na ambaye kwa sababu isiyoeleweka hupishwa. Wapagazi walimpisha. Muuza bata alimpisha, na bata pia. Miezi michache nyuma wangempisha kwa sababu ya joho jeusi na wigi la singa za farasi, kwa maana siku hizo watu wa kwao waliovaa mavazi hayo katika mahakama ya Malkia wa Uingereza wangehesabiwa kwenye kidole kimoja. Sasa walimpisha kwa sababu ya matanga. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na mfiwa wa mzazi, siku zake mia za kwanza, hubeba mkosi mzito kiasi kwamba hakuna nyumba itakayomkaribisha ndani.

Tsoi-wan aliushika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Hakuwa msichana wa kuzimia. Lakini kila alipomwona mtu huyu, kifua chake kilifanya kile ambacho kilifanya siku ya kwanza, mahakamani, na hakuwahi kupata jina lake.

Siku ile alikuwa amefuatana na mama yake mdogo, wakakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wanawake. Mjane mmoja alikuwa ameshitakiwa na shemeji yake kwamba ameiba bangili ya jiwe la jedi ya ukoo. Shemeji alikuwa na mashahidi watano, wote wakisema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Wakili Luk hakumwuliza hata mmoja wao swali. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini iliyowalazimisha watu wote, na jaji akiwamo, waache kukohoa: “Namwomba mlalamikaji amvue mshitakiwa bangili hiyo, aichukue.” Shemeji alivuta. Akavuta tena, mpaka mjane akalia. Bangili haikupita kwenye kiganja. Ilikuwa imevishwa kwenye mkono wa mtoto, na mkono umekua ndani yake. Hakuna mtu angeweza kuivaa baada ya kuolewa. Wakili Luk aliketi bila kuongeza neno. Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna ambayo Tsoi-wan alikuwa amekisikia hekaluni tu, na hata huko si mara zote.

Kwa hiyo sasa alishuka ngazi mbio, kisha akakumbuka kuwa yeye ni mchumba wa mtu, akasimama nyuma ya pazia la shanga lililotenga duka na nyumba. Hapo aliona mgongo wa baba yake na, mbele ya mgongo huo, ng’ambo ya kizingiti kirefu cha mbao, yule mtu wa nguo nyeupe juani.

“Usivuke!” alisema Mzee Kwan. “Mguu huo, urudishe huko huko.”

“Sijavuka, Mzee Kwan. Nimesimama barabarani, na barabara ni ya Serikali.”

“Kiatu chako kimegusa mbao.”

“Naomba radhi kwa niaba ya kiatu.”

Alisema hivyo bila kutabasamu, akarudi nyuma nusu hatua. Viatu vyenyewe vilikuwa vya majani. Nywele alizoanza kuzifuga zisukwe mkia mmoja, kwa ajili ya utumishi wa Kaisari wa China huko kaskazini, zilikuwa hazijafika mabegani, na kwa kuwa mfiwa hanyoi, kipaji chake cha uso, kilichopaswa kunyolewa, kilikuwa kimeota msitu mdogo. Kwa mtu mwingine hali hiyo ingekuwa ya kusikitisha.

“Meli yako inaondoka lini?” aliuliza mzee.

“Mwisho wa wiki, kama nitaondoka.”

“Basi ndoa iwe kesho kutwa.”

“Mzee Kwan...”

“Nisikilize, kijana. Desturi inatoa siku mia. Mzazi akifa, wachumba wanaoana ndani ya siku mia au wanangoja matanga yaishe. Asubuhi unavua nyeupe, unavaa nyekundu, jioni unarudia nyeupe yako, marehemu hana kinyongo. Mimi mwenyewe nimezaliwa katika ndoa ya namna hiyo, na sina upungufu wowote.”

“Ila masikio,” ilisema sauti kutoka pembeni, nyuma ya kapu la kamba wakavu. “Husikii mtu akiongea.”

“Shemeji, chambua kamba zako.”

Aliyekuwa nyuma ya kapu ni Mama Mdogo, mke wa mdogo wake Mzee Kwan. Mumewe, Yat-kei, alikuwa amepanda meli Makau zamani kwenda Peru kuchimba mavi ya ndege, yanayouzwa kama mbolea, kwa mkataba wa miaka minane. Miaka minane ilikuwa imekwisha kabla Tsoi-wan hajaota meno ya utu uzima. Mama Mdogo alikuwa na mzaha mmoja kuhusu jambo hilo, nao aliutoa kila mgeni alipoingia: ndugu mmoja anauza viota vya ndege vya kupikia supu, mwingine anachimba mavi yao, na ndege wenyewe ndio waliotajirika.

“Desturi inaruhusu,” alisema Luk. “Sheria ya Kaisari hairuhusu. Mtumishi wake akioa ndani ya matanga ya mzazi ni viboko mia, na ndoa inabatilishwa. Binti yako atarudishwa hapa kama mzigo uliokosewa anwani.”

“Na nani kaskazini anajua kuwa una matanga?”

Wakili Luk, aliyekuwa amewahoji maharamia wa baharini bila kupepesa, alitazama chini.

“Niliwaarifu mimi.”

“Lini?”

“Siku ile ile.”

Mzee Kwan aliweka chini mizani aliyokuwa ameishika. “Siku ile ile. Jeneza limefungwa au halijafungwa?”

“Halijafungwa. Nilituma telegramu kwa Liwali Mkuu aliyeniteua, kisha nikarudi kumwosha mama.”

“Jamani! Huyu mtu!” Mzee alimgeukia shemeji yake, kisha pazia, kisha gunia la vibofu vya samaki, akitafuta shahidi. “Wazazi wa watumishi wote wa Kaisari hufa wiki moja baadaye! Ni uungwana tu! Kuna hakimu mmoja Kantoni, baba yake alikaa miezi miwili ndani hataki kuonana na wageni, harusi ikachezwa, mjukuu wa kwanza akatajwa, ndipo mzee wa watu akakata roho, na watu wakalia kweli kweli. Wewe mama yako ulimwua mapema mno!”

“Kuficha msiba ni kosa.”

“Ni kosa ukikamatwa!”

“Ni kosa, Mzee Kwan. Kukamatwa ni ushahidi tu.”

Mnunuzi mmoja, aliyekuwa akisubiri kupimiwa uyoga, alisahau uyoga. Hatimaye Mzee Kwan alisema kwa unyonge, “Na huyu ndiye aliyekuja kwangu mara ya kwanza akaniambia anataka kuniuza.”

“Nilitaka kununua.”

“Ulisema kuuza. Katika lugha yetu sauti ndiyo hutenganisha kuuza na kununua, na yako ilishuka pale inapotakiwa kupanda. Huko kwenu Malaka hamfundishwi kuongea? Mnunuzi, ingia ndani nikupimie. Hapa mlangoni hakuna biashara, kuna maombolezo.” Naye akaingia stoo, akimvuta mnunuzi kwa mkono wa kanzu.

Pazia la shanga lililia. Tsoi-wan alikuwa amemimina chai katika bakuli, na alitembea nalo kwa uangalifu mkubwa kuliko chai ilivyostahili. Alipofika mlangoni alikwama. Hakuweza kumpa mfiwa kitu mkono kwa mkono, na yeye hakuweza kuingia kukichukua. Alifikiri kidogo, kisha akaliweka bakuli juu ya kizingiti chenyewe, katikati kabisa, akaketi kwenye gunia upande wa ndani.

“Kizingiti ni sehemu ya nyumba au ya barabara?” aliuliza.

Luk alichuchumaa upande wake. Alilitazama bakuli kama ambavyo angetazama hoja.

“Sijui kesi yoyote iliyoamua hilo.”

“Basi kunywa kabla haijaamuliwa.”

Alikunywa. Alipolirudisha bakuli, alilirudisha pale pale, na vidole vyake vikakaa upande wake wa bakuli, na vya Tsoi-wan upande wake, na joto la chai likapita kati yao likiwa halina habari na sheria ya nchi yoyote. Mama Mdogo aliwageuzia kisogo, jambo ambalo kwake lilikuwa ukarimu usio na mfano.

“Umekonda,” alisema Tsoi-wan.

“Wafiwa hawali nyama.”

“Kwa nini uliwaambia siku ile ile? Baba anapiga kelele, lakini mimi nauliza kweli.”

Alijibu kwa vipande. Mahakamani hakusema kwa vipande kamwe.

“Alipokata roho, nilikuwa nimemshika mguu. Nikawaza harusi. Usinitazame hivyo; nilikuwa bado nimemshika, nikawaza, nikinyamaza mpaka harusi ipite, nitampata Tsoi-wan. Hilo ndilo wazo langu la kwanza nikiwa yatima. Nikaogopa. Nikajua kwamba nikinyamaza saa moja nitanyamaza mwaka. Na huko Lima, Peru, ninakotumwa kuwasemea watu wetu, kazi yenyewe ni kusimama mbele ya watu walionyamaza na kuwaambia, mlijua. Kwa hiyo nilikimbia kituo cha telegramu kama mwizi, lakini kinyume chake.”

Tsoi-wan alikuwa amezoea kumstaajabia akiwa mbali, akiwa amevaa wigi, jaji amenyamaza. Hakujua kama mtu anaweza kustaajabiwa akiwa amechuchumaa juani kwa viatu vya majani, pua imeiva kwa kulia. Ikamjia kwamba ile siku ya bangili ilikuwa mwanzo tu, na kwamba ukubwa wa mtu huyu ulikuwa bado unaendelea ndani, kama nyumba za matajiri zenye ua nyuma ya ua.

“Sasa nisikilize,” alisema Luk, na sauti ikawa ile ya chini. “Nimezaliwa Malaka, chini ya bendera ya Malkia. Kwa sheria ya kisiwa hiki, sheria ambayo nimeisomea mpaka macho yakaharibika, mimi na wewe tunaweza kwenda kwa msajili pale mlimani, tukatoka mke na mume kabla chai hii haijapoa. Msajili hataniuliza mama yangu alikufa lini.”

“Na kaskazini?”

“Watanifuta. Mtu hawezi kumwambia Kaisari ‘mimi ni wako’ na msajili ‘mimi ni wa Malkia’ ndani ya wiki moja. Nitabaki wakili hapa, nitavaa wigi langu, nitakula kwenu kila sikukuu, baba yako atanitukana. Nimekuja kukuambia kwamba niko tayari kufutwa. Sema tu.”

Hapakuwa na mtu katika Mtaa wa Wing Shing aliyewahi kumsikia Luk Pak-hin akimwomba yeyote aamue badala yake. Tsoi-wan alihisi mwili wote ukitaka kusimama na kutembea kuelekea mlimani, hivi hivi, na vumbi la kamba kwenye kanzu. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi.

Ndipo aligundua kwamba nyuma yake ile sauti ya kamba wakianguka kapuni, sauti aliyoisikia utoto wake wote kiasi cha kutoisikia tena, imenyamaza.

Aligeuka. Mikono ya Mama Mdogo ilikuwa imesimama hewani.

“Usinitazame mimi,” alisema Mama Mdogo kwa ukali. “Mimi nachambua kamba.”

“Huchambui.”

“Napumzika. Mtu hapumziki?” Kisha, bila kumtazama wakili, akielekeza maneno yake ndani ya kapu: “Huko Lima, kuna mwingine wa kumtuma? Anayejua lugha yetu na yao pia?”

“Wapo wanaojua moja, Mama.”

“Na wale watu walioko huko wanaongea na nani, wakionewa?”

“Sijui. Nadhani wanaongea wao kwa wao.”

“Haya,” alisema Mama Mdogo. “Niliuliza tu.” Akaokota kamba mmoja, akamtazama kwa makini, akamrudisha alikomtoa.

Machozi yalimjia Tsoi-wan kwa hasira, si kwa huruma. Aliona si haki kwamba mwanamke aliyemlea achague saa hii kuwa na moyo.

“Juu kuna kitanda cha Baba Mdogo,” alimwambia Luk. “Mama Mdogo anakitandika kila asubuhi. Mimi ndiye ninayemshikia ncha ya shuka. Nikisema neno hilo unalotaka niliseme, kila siku utakaa mbele yangu ukinywa chai, na mimi nitakuwa nimetoka kushika hiyo shuka.”

“Tsoi-wan.”

“Wewe uliogopa kunyamaza saa moja. Unanipa mimi ninyamaze maisha yangu yote?”

Luk alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama jaji yeyote, wala Liwali Mkuu, ambaye alikutana naye mara moja na kumwona kuwa mtu wa kawaida mwenye kikohozi. Uso wake ulifunguka wote. Tsoi-wan, aliyedhani kwamba kustaajabu kulikuwa kazi yake yeye katika uchumba huu, aliona kwamba amekosea, na akaona haya, akainamia bakuli.

“Nenda,” alisema. “Lakini unioe kwanza. Nataka vyote viwili. Wakili mzuri angepata vyote viwili.”

“Ndivyo nilivyoomba.” Sasa alisema haraka haraka. “Wiki tatu zilizopita niliandika kaskazini. Niliomba wanikatie matanga, nioe, niondoke na mke wangu. Na kama haiwezekani, wamtume mwingine, niomboleze hapa mpaka mwisho kama mtoto yeyote. Nilitoa mifano ya enzi nne. Halikuwa ombi baya. Nilisubiri jibu nikashindwa, ndipo nikaja na habari za msajili.”

“Kumbe unaomba kwa watu wote kwa pamoja.”

“Nilikuwa nimechanganyikiwa. Sijazoea.”

Tsoi-wan alicheka, na kucheka kukageuka katikati, na Luk akanyoosha mkono juu ya kizingiti kuufuta uso wake, akakumbuka, mkono ukasimama juu ya mbao. Ulikaa pale, umefunguliwa. Tsoi-wan aliinama, akaliweka shavu lake ndani ya kiganja hicho. Mkosi ulipita, kama kweli hupita, na hakuna lililoanguka.

“Shemeji!” Mama Mdogo aliita ghafla kwa sauti ya kuwaonya. “Kuna mtu wa kofia anakuja!”

Alikuwa Bwana Seto, wakala wa Liwali Mkuu hapa kisiwani, amevaa kofia yenye kifungo cha cheo na jasho jingi, karatasi ya telegramu imeinuliwa mbele ya kifua kwa mikono miwili. Mtaa uliacha shughuli. Mzee Kwan alitoka stoo na uyoga mkononi.

“Luk Pak-hin apokee uamuzi,” alisema Bwana Seto.

Na mtu yule ambaye katika mahakama ya Malkia hakuwahi kupiga goti alipiga magoti yote mawili barabarani, kati ya maganda ya chaza, mgongo umenyooka. Tsoi-wan alisimama ndani ya mlango, akilishika bakuli. Aliwaza, kwa dhati, kwamba hakuna mlango wa hekalu uliowahi kumwonyesha kitu kikubwa namna hii.

“‘Kuhusu ombi la Luk Pak-hin,’” alisoma Bwana Seto kwa sauti moja isiyo na kituo, “‘aliyeteuliwa kuwasemea watu wetu Lima, ofisi hii imeamua kwamba, kwa neema ya Kaisari, matanga ya mama yake yamekatwa kuanzia leo...’”

“Yamekatwa!” Mzee Kwan alipaza sauti. “Leteni kitambaa chekundu! Shemeji, fataki ziko wapi?”

“Nyamaza, asome,” alisema Mama Mdogo.

“‘...yamekatwa, ili apande meli bila kukawia. Neema hii ni ya kazi peke yake, wala haigusi mambo ya nyumbani. Kwa hiyo katika utumishi atahesabiwa kuwa ameshamaliza matanga, na katika ndoa atahesabiwa kuwa bado yumo ndani yake. Na kwa kuwa mtu aliyekatiwa matanga hawezi kusemwa kuwa ameyatimiza, miezi ishirini na saba ya sheria itaanza kuhesabiwa siku atakayorudi na kukabidhi muhuri wake. Tarehe ya kurudi haijapangwa.’”

Bwana Seto alijifuta jasho, akageuza karatasi kuhakikisha hakuna kilichobaki nyuma, na kikawapo.

“‘Kuhusu mchumba, ofisi hii imeitafakari hali yake kwa huruma, na haina pingamizi akisubiri.’”